Mlango wa Jiwe wa Saqqara: Nani Mwenye Haki Nao?

Mwezi wa Aprili 2025 serikali ya Misri ilitangaza kwamba wachimbaji wake, wakishirikiana na taasisi ya mwanachuoni Zahi Hawass, wamelifukua kaburi la mwana wa mfalme aitwaye Userefre huko Saqqara, kusini ya mji wa Cairo. Ndani ya kaburi hilo palikutwa mlango wa graniti ya rangi ya waridi, kimo chake mita 4.5 na upana wake mita 1.15. Magazeti ya dunia yaliusifu kwa ukubwa wake, kwani watangazaji walisema haujapata kuonekana mwingine wa jiwe hilo wenye kimo kama hicho. Lakini aliyeitazama picha ile kwa makini aliona jambo la ajabu kupita ukubwa. Mlango ule hauna bawaba, hauna komeo, wala hauna njia ya kupita. Umechongwa jiweni, na haukukusudiwa kufunguliwa na mkono wa mtu aliye hai.

Mwaka huo haukwisha kwa habari hiyo moja. Mwezi wa Septemba bangili ya dhahabu ya mfalme Amenemope, yenye umri wa miaka 3,000 hivi, iliibwa katika chumba cha matengenezo cha makumbusho ya kale ya Cairo, ikauzwa kwa pauni 180,000 hivi za Misri, kisha ikayeyushwa. Mwezi wa Oktoba ikasikika kwamba bamba la mawe ya chokaa lenye picha za majira ya mwaka halionekani katika kaburi la Khentika hapo hapo Saqqara, na kaburi lenyewe lilikuwa limefungwa kwa kufuli tangu 2019. Na tarehe 1 Novemba serikali ikafungua rasmi Makumbusho Makuu ya Misri karibu na mapiramidi ya Giza, mbele ya wakuu wa nchi nyingi. Furaha na msiba vimefuatana kama mchana na usiku. Mimi nataka kuyatazama mambo haya kwa pamoja, kwa kuwa nionavyo swali lililo chini yake ni moja: kitu cha kaburi ni mali ya nani, na kikae wapi?

Ili tulijibu swali hilo, yafaa kwanza tujue mlango huu ni kitu gani. Makaburi ya wakubwa wa Misri ya zamani yalijengwa kwa umbo la jengo refu lenye paa bapa. Wamisri wa leo huyaita mastaba, na neno hilo la Kiarabu maana yake ni baraza, kama zile baraza tunazokaa nje ya nyumba zetu jioni. Maiti alizikwa chini sana, katika shimo lililojazwa mawe. Juu yake palijengwa chumba cha jamaa kuja kutoa sadaka, na katika ukuta wake wa magharibi ndipo ulipochongwa mlango. Magharibi ndiko walikoamini kuwa wafu wanakaa, kule linakozama jua. Mlango uliwatazama wazima waliotoka mashariki.

Fundi wetu wa Lamu angeutazama mlango huo, nadhani, asingepata taabu kuutambua. Una kizingiti, una miimo kulia na kushoto, wakati mwingine miimo miwili au mitatu iliyoingiana, kila mmoja ukirudi ndani kidogo kuliko mwenzake. Katikati pana uwazi mwembamba usiokwenda popote, na juu ya uwazi huo pana kipande cha jiwe chenye mviringo. Wengi hawajui mviringo ule ni nini. Ni jamvi lililokunjwa. Nyumba zao za mwanzo zilizibwa mlangoni kwa jamvi, mtu akilikunja kuingia na kulishusha akilala, na mchonga mawe akalihifadhi jamvi lile katika graniti. Juu zaidi huchongwa bamba lenye picha ya marehemu ameketi mbele ya meza ya mikate, na miimo yote hujazwa maandishi ya jina lake na vyeo vyake. Userefre, kwa mfano, aliandikwa kuwa mwana wa mfalme, waziri, kadhi, na mwandishi wa mfalme.

Waliamini kwamba kila mtu ana kitu kiitwacho ka, yaani nguvu ya uhai iliyozaliwa naye kama pacha wake, na kwamba mtu akifa ka yake hubaki na njaa na kiu. Mlango ule ni pahali pa ka kutokea, ikapokea chakula kilichowekwa juu ya jiwe la sadaka mbele ya kizingiti, kisha ikarudi. Katika kaburi la waziri Mereruka hapo Saqqara, mchongaji hakutosheka na alama. Alimsimamisha Mereruka mwenyewe, sanamu nzima, ametoka katika uwazi wa mlango akipiga hatua, na ngazi imejengwa miguuni pake ateremke. Huko Giza, katika kaburi la mtu aitwaye Idu, sanamu imetokeza chini ya mlango kuanzia kifuani, kana kwamba mtu anazuka ardhini, na mikono yake ameinyosha viganja juu, anaomba apewe. Mtu huyo alikuwa na cheo katika serikali ya mfalme. Miaka zaidi ya 4,000 baadaye angali amekinga mikono.

Sasa, nani angemlisha? Hapa ndipo habari hizi zinapotukaribia sisi watu wa Mwambao. Mwenye mali alitenga shamba, akaandika kwamba mazao yake ni ya kaburi, na akaweka makuhani wa kuitumikia ka yake kwa zamu. Yuko mtu aitwaye Nikaankh, aliyeishi katika enzi ya Userkaf, baba yake Userefre tuliyemtaja. Yeye aliandika katika ukuta wa kaburi lake, pahali paitwapo Tihna, jinsi mkewe na wanawe watakavyogawana huduma mwezi kwa mwezi pamoja na ardhi iliyowekewa huduma hiyo. Msomaji aliyewahi kusikia kesi za nyumba na mashamba ya wakfu katika miji yetu ataielewa hofu ya Nikaankh bila mkalimani. Mali iliyotengwa kwa ajili ya marehemu ina maadui wawili, nao ni ndugu wenye tamaa na muda mrefu.

Siwalinganishi kwa itikadi. Mwislamu haamini kuwa maiti hula mkate, na wakfu wetu ni sadaka yenye kuendelea inayomfaa mwombaji, maskini na msikiti, thawabu zake zikimfikia aliyeiweka. Tofauti hiyo ni kubwa wala haifai kufichwa. Ninalosema ni kwamba binadamu wote wamejua jambo moja, kwamba mwenye kufa humwachia kazi aliye hai, na aliye hai huchoka. Wamisri walilijua hilo mapema. Ndiyo maana katika makaburi mengi waliandika maombi kwa mpita njia, wakimwambia kwamba ikiwa hana kitu mkononi, basi walau ataje kwa mdomo mikate elfu na vinywaji elfu na ng'ombe elfu kwa jina la marehemu, kwa kuwa maneno hayamgharimu kitu. Walitambua kwamba siku moja shamba litauzwa na kuhani ataondoka, na atakayebaki ni mgeni asomaye.

Najua wapo watakaouliza: haya ni makaburi ya makafiri na mabaki ya Firauni, yatuhusu nini? Swali hili haliepukiki, nami nitalijibu kwa mambo matatu.

La kwanza ni la historia. Si kila mfalme wa Misri ni yule Firauni wa Nabii Musa (A.S.). Userefre aliishi miaka zaidi ya 2,400 kabla ya Nabii Isa, na kwa hesabu ya wanahistoria wengi ni zaidi ya miaka elfu kabla ya Musa. Neno lenyewe firauni halikuwa likitumiwa kumwita mfalme katika zama za Userefre. Lilianza kutumika hivyo karne nyingi baadaye. Na Kurani tukufu, katika kisa cha Nabii Yusuf, humwita mtawala wa Misri mfalme, ilhali katika kisa cha Musa humwita Firauni. Anayewatia wote katika kapu moja hakusoma vizuri, si historia tu bali hata Kitabu.

La pili ni la mwenendo wa Waislamu wenyewe. Misri iliingia mikononi mwa Waislamu mnamo mwaka 641, na mahekalu na makaburi yakabaki. Huko Luxor upo msikiti wa Sheikh Abu al-Haggag uliojengwa ndani ya hekalu la zamani, nao unasaliwa hadi leo, nguzo za kale zikiuzunguka. Ni kweli wapo waliobomoa. Mnamo mwaka 1196 al-Malik al-Aziz Uthman, mwana wa Salahuddin, aliwatuma watu wakabomoe piramidi ndogo ya Giza. Walifanya kazi kwa miezi minane, wakatoboa ubavu mmoja tu, wakashindwa. Aliyetuandikia habari hizo ni tabibu na mwanachuoni Abdullatif al-Baghdadi, ambaye alikuwa Misri siku zile. Yeye hakuupenda ubomoaji ule. Aliwasifu wafalme waliotangulia kwa kuyahifadhi mabaki ya kale, akaona kuwa ni ushahidi wa tarehe na ushahidi wa yale yaliyotajwa katika vitabu vitakatifu. Hayo ni maneno ya Mwislamu wa karne ya 12, si ya mtalii wa Ulaya.

La tatu ni la zama zetu. Mwezi wa Machi 2001, watawala wa Afghanistan walipoazimia kuzivunja sanamu za Bamiyan, Mufti wa Misri wa wakati huo, Sheikh Nasr Farid Wasil, alikuwa katika ujumbe wa wanazuoni waliokwenda huko kuwasihi wasifanye hivyo. Hawakusikilizwa. Lakini msimamo ulijulikana, nao ni kwamba kitu cha kale kisichoabudiwa ni mazingatio. Kurani yenyewe inatuhimiza mara nyingi tutembee katika ardhi tutazame ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Utatazama nini ikiwa mabaki yote yamevunjwa au yamo katika sebule za matajiri wa ng'ambo?

Tukiisha kukubaliana hapo, turudi kwenye swali la mali. Milango hii iliondokaje Misri? Aghalabu watu husema iliibwa na wazungu, basi. Ukweli una mafungu, na nionavyo ni lazima tuyatenge.

Fungu la kwanza ni ile iliyouzwa kwa idhini ya serikali. Mwaka 1903 makumbusho ya Louvre ya Paris yalinunua chumba kizima cha kaburi la Akhethetep kutoka Saqqara. Mwaka 1913 makumbusho ya Metropolitan ya New York yakanunua kaburi la Perneb, mawe yakafunguliwa moja moja, yakatiwa katika makasha, na mwaka 1916 likafunguliwa kwa watazamaji huko Marekani, na mlango wake ukutani. Muuzaji alikuwa serikali ya Misri. Lakini serikali gani? Nchi ilikuwa chini ya jeshi la Uingereza tangu 1882, na idara ya mambo ya kale ilikuwa mikononi mwa Mfaransa, Gaston Maspero. Hati zipo na sahihi zipo, ila mwenye nyumba hakuulizwa. Hakimu wa leo hataona wizi hapo. Mtu mwadilifu ataona biashara ambayo mmoja wa wahusika alikuwa amefungwa mikono.

Fungu la pili ni wizi mtupu. Sheria nambari 117 ya mwaka 1983 ilipiga marufuku Misri biashara ya vitu vya kale na kuvitoa nje ya nchi. Tangu hapo, kila mlango unaotoka ni wa magendo. Wakati wa machafuko ya 2011 walinzi walikimbia, na mlango wa jiwe wa kaburi la Hetepka hapo Saqqara ukatajwa miongoni mwa vitu vilivyohofiwa kuibwa. Mwaka huo huo jeneza lililopakwa dhahabu la kuhani Nedjemankh lilichimbuliwa kwa siri, likazungushwa nchi kadhaa, likatengenezewa karatasi za uongo zenye kudai kwamba lilitoka Misri kwa kibali mwaka 1971. Metropolitan ililinunua mwaka 2017 kwa dola karibu milioni 4. Mwaka 2019 uwongo ulifichuka na jeneza likarudishwa Cairo. Angalia basi: mchimbaji wa usiku hupata kidogo, dalali hupata zaidi, na anayetajirika hasa ni yule aliyeandika karatasi.

Fungu la tatu ni wizi wa wenyeji kwa wenyeji, nao tusiufumbie macho. Mwaka 2010 wachimbaji huko Karnak waliukuta mlango wa graniti, kimo chake mita 1.75, wa waziri User aliyemtumikia Malkia Hatshepsut. Haukuwa kaburini mwake. Katika zama za Warumi mtu aliung'oa akautia katika ukuta wa jengo lake kama tofali. Hata katika kaburi la Userefre, wachunguzi wanadhani baadhi ya sanamu zilizokutwa humo zililetwa kutoka pahali pengine zamani za kale. Na bangili ya Amenemope haikuibwa na mgeni. Serikali ilisema aliyeichukua ni mfanyakazi wa makumbusho yale yale. Kitu chenye umri wa miaka 3,000 kikaishia kuwa dhahabu ya kuyeyusha, kwa sababu aliyekishika alijua bei yake ya mizani tu.

Basi kikae wapi? Upande mmoja husema kwamba kaburi la Perneb limetulia New York kwa miaka zaidi ya mia, halijapotea hata jiwe, ilhali la Hetepka lililoachwa Saqqara limevunjwa. Hoja hiyo ina uzito, na anayeipuuza hajali mawe yenyewe. Lakini nina jibu. Mlango huu si sanduku la dhahabu ambalo thamani yake hubebeka. Maana yake yote imo katika pahali pake. Uliwekwa magharibi ili utazame mashariki, uliwekwa juu ya shimo la mtu fulani, na mbele yake lipo jiwe la sadaka la mtu huyo. Ukiung'oa, umepata jiwe zuri lenye maandishi, na nyumbani pamebaki tundu ukutani. Wote wawili wamepoteza. Kwa hiyo mlango wa Userefre, pamoja na yote mazuri ya makumbusho mapya ya Giza, haki yake ni kuachwa Saqqara uliposimama. Yaliyouzwa zamani na yazungumzwe baina ya serikali kwa uungwana. Yaliyoibwa baada ya 1983 yarudishwe bila kulipwa.

Lakini kuacha kitu pahali pake bila ulinzi ni kumwachia mwizi. Bamba la Khentika lilikuwa nyuma ya kufuli kwa miaka, na kufuli halikutosha, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kuingia kila mwezi na orodha mkononi akahesabu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na Saqqara imelithibitisha neno hilo. Mlinzi alipwe mshahara wa kumtosha, kila jiwe lipigwe picha na kupimwa, na orodha iwe mikononi mwa zaidi ya mtu mmoja. Mwizi huogopa sana picha, kwani kitu kilichopigwa picha hakiuziki kwa urahisi.

Soko hilo hilo linatufikia sisi. Majirani zetu Wamijikenda wameibiwa vigango vyao, nguzo walizowachongea wazee waliofariki, zikauzwa kama mapambo. Viwili vilirudishwa Kenya kutoka makumbusho ya Marekani mwaka 2007. Na milango ya nakshi ya miji yetu, ambayo mingine ina aya na mwaka wa Hijra katika kizingiti, mingapi imeng'olewa na mwenye nyumba mwenyewe akaiuza kwa mahitaji ya mwezi mmoja? Wale vijana wetu wanaokwenda kusoma Azhar wakipata nafasi ya kufika Saqqara, si mbali na mji, nawanasihi waende wakasimame mbele ya mlango mmoja. Wasiwe na haja ya kutaja mikate elfu. Wasome tu jina la mtu na kazi aliyoifanya, wapime kwa macho kazi ya fundi, kisha warudi kwao na kamera na daftari, waanze na mtaa waliozaliwa, mlango baada ya mlango, kabla mnunuzi hajabisha hodi.